Maswali ya Wasomaji: Msanifu Aliyefundishwa na Kuta za Udongo

Katika toleo lililopita tulichapa picha mbili na maelezo mafupi kuhusu John Gaw Meem, msanifu majengo wa jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, aliyejulikana kwa nyumba, shule na makanisa yenye sura ya udongo: kuta nene zisizo na pembe kali, paa bapa, na ncha za boriti zilizotokeza nje ya ukuta. Barua zimefika nyingi, na karibu zote zimeandikwa na watu wa hapa Lubumbashi ambao wanaishi katika nyumba za matofali mabichi, au walizaliwa humo, au wanataka kujenga. Nimechagua sita. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linanigusa; naomba mnivumilie.

Mwanafunzi wa ujenzi, Kampemba, anauliza:

Jambo, baba. Mimi niko mwaka wa pili wa masomo ya ujenzi. Mliandika kwamba Bwana Meem alikuwa mgonjwa kabla ya kuwa msanifu. Je, alizaliwa huko New Mexico? Usanifu aliusomea wapi? Na ugonjwa uliingiaje katika kazi yake?

Jibu: Mwanangu, hakuzaliwa huko, na wala hakuwa amepanga kufika. Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1894 katika mji wa Pelotas, kusini mwa Brazil, ambako wazazi wake, Wamarekani, walikuwa wamisionari wa kanisa la Kiepiskopali. Alipokuwa kijana alipelekwa Marekani kusomea uhandisi katika chuo cha kijeshi cha Virginia, akamaliza mwaka 1914, kisha akafanya kazi New York katika kampuni ya jamaa yake iliyokuwa ikijenga njia za treni za chini ya ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliajiriwa na benki moja ya New York, ikamtuma Rio de Janeiro kwa kuwa Kireno alikijua tangu utoto. Mpaka hapo hakuna dalili yoyote ya usanifu. Unaona mhandisi aliyegeuka mtu wa benki.

Ndipo akapatikana na kifua kikuu. Wakati huo dawa ya kukiua haikuwapo, na madaktari waliagiza hewa kavu, jua, chakula cha kutosha na kulala. Mwaka 1920 akafika Sunmount, hospitali ya wagonjwa wa kifua katika mji wa Santa Fe, ulio yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mkuu wa hospitali hiyo, daktari Frank Mera, hakuamini kwamba mgonjwa aachwe kitandani akihesabu boriti za dari; aliwahimiza wagonjwa wake wajifunze historia na sanaa za nchi ile. Hapo Meem akakutana na Carlos Vierra, mchoraji ambaye naye alikuwa ameletwa Santa Fe na mapafu, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipiga picha za makanisa ya kale ya udongo kabla hayajaanguka. Hebu fikiri mhandisi wa miaka 26, aliyekatazwa kufanya kazi, mwenye muda mwingi, anaonyeshwa picha moja baada ya nyingine za kuta ambazo hakuna mhandisi aliyezipigia hesabu, lakini zimesimama miaka mia mbili au mia tatu.

Alipopata nafuu alikwenda Denver, akafanya kazi mchana katika ofisi ya wasanifu na kujifunza michoro jioni katika warsha ya wanafunzi. Alijituma kupita kiasi, ugonjwa ukarudi, naye akarudi Sunmount. Mwaka 1924 akafungua ofisi yake ya kwanza palepale hospitalini, pamoja na mgonjwa mwenzake aitwaye Cassius McCormick. Kwa hiyo, mwanangu, hakuwa na shahada ya chuo kikuu katika usanifu. Sisemi hivyo ili uache masomo. Nasema ili ujue kwamba sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kukarabati majengo ya watu wengine, jambo nitakaloligusa katika jibu linalofuata.

Tena usidhani kwamba yeye ndiye aliyebuni mtindo ule. Chuo kikuu cha New Mexico kilikuwa kimejaribu sura ya vijiji vya wenyeji tangu miaka ya 1900, na jumba la sanaa la Santa Fe, lililofunguliwa mwaka 1917, lilijengwa na wasanifu wengine kabla Meem hajafika. Alichofanya yeye ni kuupunguzia mapambo na kuufanya uweze kubeba kazi za karne ya ishirini: hoteli ya La Fonda aliyoipanua mwishoni mwa miaka ya 1920, maabara ya elimu ya watu na tamaduni zao (anthropolojia) ya mwaka 1931, na kuanzia mwaka 1933 majengo ya chuo kikuu kule Albuquerque, kazi aliyoishikilia kwa zaidi ya miaka 25. Alifariki tarehe 4 Agosti 1983, akiwa na miaka 88. Kwa mtu aliyekuja kutafuta pumzi, aliishi sana.

Mwashi wa Katuba anauliza:

Ndugu mwandishi, mimi ni mwashi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mteja mwenye nyumba ya matofali mabichi ananiambia jambo moja: piga plasta ya simenti nje, ili nyumba iwe na sura ya nyumba. Baada ya mvua mbili au tatu plasta inabanduka, na lawama ni yangu. Huyo msanifu wenu alizilinda kuta zake namna gani?

Jibu: Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi, basi nitakaa nalo.

Nianze na kanisa la San Esteban del Rey katika kijiji cha Acoma. Kijiji hicho kiko juu ya mwamba ulio wima, wenye kimo cha zaidi ya mita 100 kutoka bonde lililo chini yake. Kanisa lilijengwa na watu wa Acoma katika miaka ya 1630 chini ya padri Mhispania. Juu ya mwamba ule hakuna udongo wala miti. Kila kikapu cha udongo, kila mtungi wa maji ya kukandia, kila boriti ilipandishwa kwa mabega ya watu, na boriti zenyewe zilikatwa katika mlima ulio mbali, safari ya makumi ya kilomita. Ukilitazama kwa jicho la mwashi, usilitazame kama mtalii; hesabu mabega.

Kufikia miaka ya 1920 paa lilikuwa linavuja, na paa la nyumba ya udongo likivuja, ukuta umekwisha kuhukumiwa. Mwaka 1922 kikundi cha watu wa Santa Fe na Denver kiliunda kamati ya kuokoa makanisa ya namna hiyo, na Meem, aliyekuwa bado hajajenga lolote la maana, akawa msanifu wake. Kamati ilileta vifaa na michoro. Watu wa Acoma walitoa nguvu kazi, kwa sababu kanisa ni lao na ujuzi wa kukanda udongo ulikuwa mikononi mwao. Kazi iliendelea kwa vipindi kwa miaka kadhaa, na kamati ilifanya vivyo hivyo katika vijiji vya Zia na Las Trampas. Meem alipima, alichora, aliona mahali maji yanapoingilia na mahali ukuta unapoanza kuliwa. Mtu aliyeona hayo kwa miaka mitano hawezi tena kuchora ukuta kama mstari mwembamba kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye simenti. Mfano mzuri kuliko yote si wa Meem mwenyewe, bali wa kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi la Ranchos de Taos, kaskazini mwa jimbo lile lile. Mwaka 1967 waamini wa pale walichoka kukandika upya kila mwaka, wakalivika kanisa lao plasta ngumu ya simenti. Lilipendeza. Lakini simenti haiendi sawa na udongo: udongo huvimba kidogo ukipata unyevu na kusinyaa ukikauka, simenti haifuati, kwa hiyo hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia kwa nyufa hizo, na yakiisha kuingia hayana njia ya kutoka, maana ganda la simenti haliruhusu ukuta upumue. Nje pakavu, ndani tope. Mwaka 1979 walilibandua ganda lote, wakakuta sehemu za ukuta zimelainika vibaya, wakazirekebisha na kurudi kwenye udongo na majani makavu. Tangu hapo, mwanzoni mwa kiangazi chao, parokia nzima hukusanyika kulikandika kanisa: wazee huchagua udongo, vijana huuchanganya, wote hupaka.

Haya si ya Amerika tu. Nyumba niliyokulia, hapa hapa Katuba, baba yangu aliipiga plasta ya simenti nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Fundi alikuwa hodari na simenti ilikuwa nzuri. Mwaka wa tatu, niligonga ukuta wa jikoni kwa kifundo cha kidole, nikasikia sauti tupu, kama unapogonga debe lisilo na kitu. Kaka yangu akatia ncha ya kisu na kipande chenye upana wa sahani kikaanguka kizima, simenti nzima bila ufa nyuma yake. Lakini tofali lililokuwa nyuma lilikuwa limelowa kiasi kwamba kidole changu kiliingia mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Nakumbuka baridi yake. Hapakuwa na bomba la maji pale, wala paa halikuvuja. Maji yalipanda kutoka chini, yakatafuta pa kutokea, yakakuta mlango umefungwa kwa simenti.

Basi kwa mteja wako, ndugu mwashi, sema hivi. Kwanza, msingi wa mawe au wa matofali ya kuchoma upande walau nusu mita juu ya ardhi kabla ya tofali bichi la kwanza, kwa maana mvua ikigonga chini huruka na kuula ukuta hapo hapo, kimo cha goti. Pili, upenu wa bati utokeze vya kutosha, mkono mzima au zaidi. Tatu, plasta ya nje iwe ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani yaliyokatwa, au iwe ya chokaa. Zote mbili huacha unyevu utoke. Ikiwa mteja anashikilia simenti, basi itumike kwenye msingi, si kwenye ukuta. Na mwambie kabisa kabla hujaanza kazi kwamba plasta ya udongo inataka kuguswa kila mwaka baada ya mvua. Asiyetaka kuigusa ajenge kwa matofali ya kuchoma, na hapo hutalaumiwa.

Msomaji wa Likasi anauliza:

Nimesikia mtu akisema kwamba kuna jengo la Meem lenye uhusiano na Shinkolobwe yetu. Je, ni kweli, au ni maneno ya watu?

Jibu: Ni kweli, ingawa uhusiano wenyewe si wa msanifu.

Mwaka 1928 Meem alijenga jumba la kulia na kukutania katika shule ya wavulana juu ya mlima uitwao Los Alamos. Linaitwa Fuller Lodge. Halikujengwa kwa udongo bali kwa magogo ya msonobari, 771 kwa idadi, mengi yamesimamishwa wima kama nguzo badala ya kulazwa, na inajulikana kwamba Meem na mkuu wa shule walitembea msituni wakichagua miti yenyewe. Ni kazi ya mtu aliyejua kwamba mtindo wa mahali si rangi ya ukuta tu: juu kule kulikuwa na miti mingi, akatumia miti.

Miaka 14 baadaye serikali ya Marekani iliitwaa shule ile pamoja na mlima wote, ikaufanya mahali pa siri pa kuundia bomu la atomiki. Wanasayansi walikula chakula na kufanya mikutano yao katika jumba lile la magogo. Na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango huo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na kwako; tani zipatazo 1,200 za mawe ya madini zilikuwa zimekwisha kusafirishwa na kampuni ya madini ya Union Minière hadi New York mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani. Wachimbaji wa Katanga walioyatoa ardhini, wengi kwa mikono, hawakuambiwa yanakwenda wapi wala yanadhuru namna gani. Jumba la Fuller Lodge limehifadhiwa, na watu hulitembelea. Kwa wale wa Shinkolobwe sijaona jumba.

Msomaji wa Kamalondo anauliza:

Nimesoma kwamba maktaba maarufu ya Meem si ya udongo hata kidogo, ni zege lililopakwa rangi ya udongo. Huo si udanganyifu? Kwa nini tumheshimu mtu aliyevalisha simenti nguo ya tope, wakati sisi tunaambiwa tusifanye kinyume chake?

Jibu: Umeuliza kwa ukali, na una haki.

Maktaba unayoisema ni ile ya Zimmerman katika chuo kikuu cha New Mexico, iliyofunguliwa mwaka 1938. Ni kweli mifupa yake ni zege na chuma, na mnara wake wa kuwekea vitabu usingeweza kusimama salama kwa matofali mabichi. Majengo mengi makubwa ya Meem ni hivyo. Yeye mwenyewe hakuficha: mwaka 1934 aliandika katika jarida la wasanifu akitetea haki ya kutumia sura za kale kwa kazi mpya na vifaa vipya, kwa hoja kwamba sura zile zilizaliwa na ardhi na mwanga wa nchi ile, na ardhi na mwanga havijabadilika. Ukiingia ndani ya maktaba ile utaona boriti na milango iliyochongwa kwa mkono na mafundi wa jimbo lenyewe, watu waliopata kazi katika miaka ya shida kubwa ya uchumi. Kazi yao hakuna awezaye kuiita udanganyifu.

Lakini linganisha na kanisa la Cristo Rey la Santa Fe, la mwaka 1940. Hapo alitakiwa kujenga nyumba ya kuhifadhi ukuta wa altare wa mawe uliochongwa mwaka 1761, kitu kizito na chenye fahari, ambacho kilikuwa kimepoteza kanisa lake la kwanza. Angeweza kufanya kama maktaba. Badala yake waamini walifyatua yapata matofali mabichi 180,000 kwa udongo wa kiwanja kile kile ambacho kanisa limesimama. Tofali la kawaida la huko lina urefu wa sentimita 35, upana wa 25 na kimo cha 10, na uzito wa kilo kama 15. Zidisha mwenyewe. Watu walibeba kanisa lao mara kadhaa mikononi kabla halijawa kanisa. Picha za ndani zinaonyesha kina cha madirisha kilivyo kirefu, na mwanga unaoshuka juu ya altare kutoka dirisha la juu lisiloonekana na mtu aliyekaa chini, mbinu ambayo Meem aliipata katika makanisa ya kale aliyoyakarabati.

Maoni yangu ni kwamba zege lenye sura ya udongo si kosa kubwa; kosa ni kumfanya mtu aamini kwamba udongo wenyewe haufai isipokuwa uwe zege. Ninalolilalamikia zaidi ni jambo jingine. Mwaka 1957 Santa Fe ilipitisha sheria ya ujenzi katika mtaa wake wa kale, na Meem alishiriki kuiandika; tangu hapo jengo jipya pale lazima lifuate mtindo. Mji umebaki mzuri, hilo sikatai. Lakini nyumba ya udongo, iliyokuwa nyumba ya mkulima asiye na fedha ya kununua kitu kingine, ikawa bidhaa ya wenye uwezo, na wajukuu wengi wa wale waliokuwa wakifyatua tofali wameshindwa kumudu bei ya mtaa wa babu zao. Sidhani Meem alilitaka hilo. Lakini tunapovutiwa na mji ule tusilisahau.

Dada wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, anauliza:

Katika habari zote hizo sioni mwanamke. Hawakuwapo?

Jibu: Walikuwapo, na ulifanya vizuri kuuliza. Faith Bemis alikuwa amesomea usanifu, akafanya kazi katika ofisi ya Meem kabla hawajaoana mwaka 1933. Mapambo ya ndani ya La Fonda yalibuniwa na Mary Colter, msanifu ambaye majengo yake mwenyewe kando ya bonde kuu la Arizona (Grand Canyon) bado yamesimama. Na katika vijiji vya wenyeji, kukandika na kupaka ukuta kumekuwa tangu zamani kazi ya wanawake. Ule ulaini wa pembe ambao watalii huupiga picha ni alama ya viganja vyao.

Mama wa Ruashi anauliza:

Baba, jambo. Nina parseli ndogo pembeni mwa Ruashi, na ndani yake kuna kichuguu kikubwa kuliko nyumba ya jirani. Watoto waliniletea gazeti lenu, nikaipenda nyumba ile yenye paa bapa na boriti zilizotokeza. Sina fedha za matofali ya kuchoma. Je, naweza kujenga vile kwa udongo wa kichuguu changu?

Jibu: Mama, ukuta ndiyo, paa hapana. Nakusihi, paa hapana kabisa.

Santa Fe hupata milimita zipatazo 360 za mvua na theluji kwa mwaka mzima. Sisi hapa hupata karibu 1,200, na karibu zote hushuka kati ya Novemba na Aprili, wakati mwingine kwa fujo unayoijua. Hata huko kwao paa bapa ni ugonjwa wa kudumu: maji huondolewa kwa mlizamu wa mbao unaopenya ukutani, na ukiziba au ukielekea vibaya, maji hushuka juu ya ukuta na kuukata kama kisu. Meem alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhangaika na mapaa hayo. Ukiliweka Ruashi, Januari moja inatosha kulimaliza. Weka bati lenye mteremko mzuri.

Yako mengine ya kuchukua kwake. Ukuta mnene, tofali moja na nusu ikiwezekana, kwa maana udongo mnene hushika joto la mchana na kulitoa usiku, na wewe unajua baridi ya Juni na Julai inavyoingia chini ya bati. Baraza lenye nguzo mbele ya nyumba, ambalo Meem aliliweka karibu kila mahali: hukinga ukuta wa mbele dhidi ya mvua, na hukupa mahali pa kukaa, kupika na kupokea wageni. Hilo hata si la kigeni. Nyumba za zamani za matofali mekundu katika kambi za wafanyakazi wa migodi zilikuwa nalo, na bibi zetu walikuwa nalo kabla ya kambi. Madirisha machache upande ambao mvua hutoka. Boriti zilizotokeza unaweza kuziweka chini ya bati, kwenye baraza, zikabeba kitu. Usizibandike ukutani kwa urembo.

Kuhusu kichuguu chako, una mali. Mchwa wamekwisha kukuchujia udongo laini unaoshikana vizuri, ndiyo maana wafyatua matofali wote wa pembeni mwa mji huu huvitafuta vichuguu. Lakini ukiutumia peke yake unaweza kupasuka ukikauka, kwa sababu mfinyanzi ni mwingi. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, itie udongo mpaka theluthi, jaza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache mpaka kesho yake bila kuigusa. Mchanga utakaa chini, udongo mfinyanzi juu, na katikati vumbi laini. Mfinyanzi ukizidi theluthi moja ya kimo chote, changanya na mchanga. Kisha fyatua matofali matano tu ya majaribio, yaanike kivulini kwa siku chache na juani kwa wiki mbili, uyageuze kila upande. Lisilopasuka, na likiangushwa kutoka kimo cha kiuno juu ya ardhi ngumu lisivunjike vipande vipande, hilo ndilo.

Kwa kutochoma utaokoa pia kuni, na si kidogo: kila tanuri la matofali linalowaka kando ya barabara ya kwenda mashambani limekula miti ya miombo ambayo haikui kwa mwaka mmoja wala kumi.

Anza kufyatua mwezi wa Mei, mvua ikiisha kukatika na maji bado yapo visimani. Panga matofali yako kwa mafungu yenye nafasi ili upepo upite, jenga kuanzia Julai, na bati liwe juu kabla Oktoba haijaisha. Ukichelewa, usiharakishe ukuta. Funika matofali kwa majani na shiti la plastiki, uyaweke juu ya mawe yasiguse ardhi, usubiri mwaka mwingine.